Kutoa ni Moyo, Lakini Pia ni Kalenda

Chuoni kwetu kuna majira mawili tu: bumu likiingia na bumu likikata. Likiingia, foleni ya chipsi kuku inafika barabarani, mikeka ya kubeti inasukwa usiku kucha, na kila kundi la WhatsApp linaibuka na mchango wake. Wiki sita baadaye watu walewale wanaulizana nani ana unga, nani ana elfu mbili ya kumsogeza mtu hadi Jumatatu. Hiyo ndiyo kalenda yetu, na hakuna asiyeijua.

Ninachotaka kusema ni kwamba hata wema wetu unafuata kalenda hiyohiyo. Tunatoa tukiwa nazo, au tukiguswa, au sikukuu ikikaribia. Familia tunazosema tunazisaidia zina kalenda nyingine kabisa. Kodi yao haisubiri bumu. Homa ya mtoto haisubiri Krismasi. Kwa hiyo vitu vingi tunavyotoa kwa moyo mweupe vinafika siku ambayo havihitajiki sana, na siku vinapohitajika sisi tumeshakauka. Tukitaka kusaidia kweli, lazima tuanze na jambo ambalo wengi hatupendi kulisikia: kupanga pesa zetu wenyewe.

Utaratibu wetu wa sasa mnaujua. Mtu anatuma ujumbe kwenye kundi la darasa: wadau, tumeazimia kurudisha kwa jamii, kila mmoja elfu tano. Linatengenezwa bango, zinachapishwa fulana, linakodiwa basi dogo. Tunafika na maboksi ya sabuni, viroba vya unga, sukari na madumu ya mafuta. Zinapigwa picha, anasimama mwenyekiti anaongea, anasimama mlezi anashukuru, tunaimba, tunarudi. Sitaki kuwabeza wanaofanya hivi. Mara nyingi ndio wenye moyo kuliko wengine, na wanakimbizana na watu wiki nzima wakidai elfu tano ambazo waahidi wenyewe wamezima simu. Lakini hebu chukua daftari la safari moja kama hiyo ulinganishe: basi, fulana, bango na maji ya kunywa upande mmoja, kilichobaki kwa wenyeji upande mwingine. Kisha jiulize ni lini kikundi hicho kilirudi pale tena.

Nimepanga geto nje ya chuo, na nyumba ya pili kutoka kwetu anaishi mama mmoja anayefua nguo za watu na kulea watoto watatu. Desemba moja kikundi cha wanafunzi kilipita mtaani na kumwachia mzigo wa maana: unga, sukari, sabuni, na dumu la mafuta ya kula la lita tano. Alifurahi, na nasi majirani tulifurahi. Wiki ya kwanza ya Januari akaniita.

"Mwanangu, nisaidie kubeba hili dumu hadi kwa mangi."

"Shikamoo mama. Unaenda kujaza mengine?"

"Marahaba. Kujaza wapi, naenda kuyauza. Shule inafunguliwa Jumatatu na hawa watoto hawana viatu."

Mangi alimpa elfu ishirini kwa mafuta ambayo rafuni pake yalikuwa yanauzwa elfu thelathini. Huwezi kumlaumu mangi, naye ni mfanyabiashara. Mama hakulalamika hata kidogo, alihesabu noti zake na kunishukuru kwa kumbebea. Lakini mimi nilifanya hesabu njiani: wanafunzi walitoa thelathini, mama akapata ishirini, na elfu kumi ikapotelea katikati kwa sababu tu hakuna aliyemuuliza anahitaji nini na lini.

Kalenda ya mwenye shida

Tuiangalie hiyo kalenda kwa karibu. Januari ni mwezi wa shule. Ni kweli kwamba tangu 2016 ada imefutwa katika shule za serikali kuanzia msingi hadi kidato cha nne, na 2022 kidato cha tano na sita wakaingizwa. Hilo ni jambo kubwa, na kuna watu humu darasani wasingefika chuo bila hilo. Lakini ada ikifutwa, sare haifutwi. Madaftari, viatu, begi, mchango wa chakula cha mchana shuleni, vyote vinangoja mlangoni, na vinakuja kwa wiki moja kwa watoto wote kwa pamoja.

Halafu kuna kodi. Mwenye nyumba wa uswahilini mara nyingi hataki kodi ya mwezi mmoja. Anataka ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Mtu anayepata elfu tano leo, elfu tatu keshokutwa na siku ya tatu hapati kitu, atakusanya wapi laki moja na nusu kwa siku moja? Hapo ndipo mikopo ya kausha damu inapomkuta. Shida yake ni kwamba pesa inaingia kwa matone na kutoka kwa ndoo. Hili tunalielewa vizuri kuliko tunavyokiri, maana sisi tuko kinyume chake: yetu inaingia kwa ndoo na kutoka kwa mafuriko.

Na wale wenzetu waliokulia vijijini wanajua kalenda nyingine, ya mvua. Mikoa kama Dodoma, Singida na Ruvuma ina msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Mavuno yanaanza karibu Mei. Ikifika Januari na Februari, ghala limebaki vumbi, bei ya mahindi imepanda, na ndiyo miezi ambayo mkulima anatakiwa awe shambani akilima kwa nguvu zake zote. Yaani njaa na kazi ngumu zinakuja mwezi mmoja. Sasa tazama misaada yetu inaangukia wapi. Desemba kila mtu ana huruma. Ramadhani futari zinagawiwa mpaka nyumba nyingine zinapokea mara mbili. Februari kimya. Machi, Ramadhani ikiwa haijaangukia humo, kimya.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauna gharama yoyote: usitoe siku ambayo wote wanatoa. Kama kikundi chenu kina laki mbili na ni Desemba, zitunzeni hadi wiki ya kwanza ya Januari. Kama ni mwezi wa futari na mtaa mzima unapelekewa tende, jitengeni na familia moja, mkae nayo miezi mitatu baada ya Idi. Pesa ni ileile, lakini thamani yake kwa anayepokea inabadilika kabisa.

Pesa mkononi

Ushauri wa pili ndio unaoleta ubishi kila ninapoutoa vibarazani: mara nyingi, toa pesa taslimu.

Najua jibu linalokuja. Watakunywa. Watacheza kamari. Utawazoesha uvivu. Nimeyasikia haya kutoka kwa watu ambao mkeka wao wa Jumamosi ulichanika kwa kona moja na bado wanaona mtu wa kuchungwa ni mama anayefua nguo. Lakini tuache vijembe, twende kwenye ushahidi, maana tuko chuo kikuu.

Nchi yetu ina TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, na mwaka 2012 ulianza kuendesha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliozipa kaya fedha taslimu kila baada ya miezi miwili. Kabla ya hapo, mwaka 2010, ulianza mpango wa majaribio katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Wanakijiji wenyewe walishiriki kuzitambua kaya zenye hali ngumu zaidi, na masharti yalihusu watoto kwenda shule na kliniki. Watafiti wa Benki ya Dunia walizifuatilia kaya hizo na kuzilinganisha na za vijiji ambavyo havikuwa kwenye mpango. Walichokikuta hakifanani na hadithi za pombe: kaya zilizopokea ziliwanunulia watoto viatu zaidi, zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, na ziliongeza mifugo, hasa kuku na mbuzi. Mtu mvivu hanunui kuku wa kufuga. Anayenunua kuku anafikiria mwezi ujao.

Ng'ambo ya mpaka, huko Rarieda, magharibi mwa Kenya, shirika la GiveDirectly lilizipa kaya maskini fedha bila sharti lolote, kwa simu. Utafiti wa Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro uliochapishwa 2016 haukuona ongezeko la matumizi ya pombe wala tumbaku. Walichokiona, na hiki kinahusu hoja yangu moja kwa moja, ni kwamba namna ya kutoa ilibadilisha matumizi. Waliopata kidogokidogo kila mwezi waliimarika zaidi katika chakula. Waliopata kwa mkupuo mmoja waliwekeza zaidi kwenye vitu vya kudumu, kama mabati ya paa. Kwa maneno mengine, hakuna njia moja sahihi. Kama shida ya familia ni chakula, kidogo cha kila mwezi kinashinda zawadi kubwa ya mara moja. Kama shida ni kodi ya miezi sita au paa linalovuja, mkupuo una maana. Ili ujue ni ipi, inabidi uulize.

Sisemi vitu havifai kabisa. Mgonjwa asiyeweza kutoka ndani anahitaji mtu wa kumletea dawa mkononi. Mahali palipofurika, siku ya kwanza watu wanahitaji blanketi na maji, na noti haifuniki mtu. Pia kuna nyumba ambazo anayeshika pesa siye anayelisha watoto, na hapo unapaswa kuangalia pesa inafikia simu ya nani. Lakini katika hali za kawaida za mtaani, mama wa nyumba ndiye mtaalamu wa bajeti ya nyumba yake. Anajua unga umebaki vibaba vingapi, anamdai nani, anadaiwa na nani. Wewe na mimi tunakisia tu.

Na ukituma kwa simu, tafadhali weka na ya kutolea. Mnacheka, lakini ndiyo adabu ya kwanza ya mtumaji. Kumtumia mtu elfu kumi, kisha akatwe makato akitoa, ni sawa na kumpikia mgeni halafu kumwambia anunue chumvi.

Hesabu ya bumu

Sasa hizo pesa zinatoka wapi? Hapa ndipo fedha binafsi zinapoingia, na hapa ndipo wengi wanajitoa kwa kusema: mimi mwenyewe ni maskini.

Wengine ni kweli. Kuna wenzetu hawana mkopo, hawana mfadhili, wanakula mlo mmoja na kuficha. Huyo asitoe kitu, na asione haya. Kuna pia wale ambao bumu lao ni la familia nzima: linaingia leo, kesho nusu yake imeshavuka kwenda kwa mama na wadogo zake. Huyo naye anatoa tayari. Kumtumia mama yako hela ya unga ni kusaidia familia yenye uhitaji, hata kama hakuna bango wala fulana, na mtu wa hivyo akikataa mchango wa darasa asinuniwe. Ninaongea na sisi wengine, ambao tukiwa wakweli tunajua tatizo ni mpangilio.

Tuhesabu pamoja. Fedha ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa siku 60 ni shilingi 600,000. Tuseme unakula kwa 6,500 kwa siku: chai na chapati asubuhi, wali maharage mchana, na usiku kitu cha wastani. Hiyo ni 390,000. Zinabaki 210,000 za malazi, nauli, bando, kutoa kopi na dharura. Hazitoshi kutamba, lakini mtu akitulia anafika. Tatizo ni kwamba wengi hatuzitumii kwa siku 60. Tunatumia nusu nzima katika siku 15 za mwanzo, kisha tunaishi siku 45 kwa madeni na miujiza.

Pendekezo langu ni shilingi 200 kwa siku. Ni bei ya andazi. Kwa siku 60 zinakuwa 12,000, yaani asilimia mbili ya bumu. Ziondoe siku ileile bumu linapoingia, kabla ya chipsi, kabla ya mkeka, kabla ya viatu. Ukisubiri kutoa kitakachobaki, hakitabaki. Hilo kila mmoja wetu anaweza kulitolea ushahidi. Ziweke kwenye kibubu, au kwenye akaunti ya kikundi kama M-Koba, au kwa mhazini mnayemwamini na anayeandika daftari.

Kumi wenye nia moja wanapata 120,000 kwa kila bumu, sawa na 60,000 kwa mwezi. Tuzipime hizo kwa bei za kukadiria: kilo 20 za unga kwa 1,500 ni 30,000, kilo tano za maharage kwa 3,000 ni 15,000, na zinabaki 15,000 za mafuta, chumvi na sabuni. Kwa familia ya mtu anayepata kwa matone, hiyo ni mwezi wenye uhakika wa chungu kuchemka. Watu kumi, andazi moja kwa siku. Linganisha na kamati za harusi, ambako kadi ya mtu mmoja inaweza kufika 50,000 na tunaitafuta mpaka inapatikana, kwa sababu jina litasomwa.

Kuna atakayeuliza, na ni swali zuri: unatoaje sadaka kwa pesa ya mkopo? Hii itadaiwa. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako itakatwa kila mwezi hadi deni liishe. Ni kweli, na ndiyo maana nasema asilimia mbili na sio ishirini. Mkopo huu umetolewa ili tuishi, na kuishi kwetu ni pamoja na kuwa majirani wa watu. Lakini swali hilo hilo liulizwe pia kwenye mkeka na kwenye simu mpya ya toleo la mwaka huu. Nazo zinadaiwa.

Kuna mpaka mmoja nauweka kwa herufi kubwa kichwani mwangu: usikope ili utoe. Mchango wa kundi ukikukuta umekauka, sema umekauka. Usikimbilie programu za mikopo ya simu zinazokupa elfu thelathini jioni na kuanza kuwapigia ndugu zako wiki inayofuata kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kumtoa mtu kwenye shimo kwa kuingia wewe humo hakupunguzi idadi ya walio shimoni.

Kuuliza, na kutopiga picha

Jambo la mwisho ni heshima. Wengi wetu tunamchagua wa kumsaidia kwa macho: nyumba iliyochakaa zaidi, mtoto mwenye nguo iliyochanika zaidi, yule anayelia vizuri mbele ya kamera. Wenye shida kubwa mara nyingi hawaonekani, kwa sababu wanajificha. Waulize wanaojua: mjumbe wa shina, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ofisa ustawi wa jamii wa kata, nesi wa zahanati, mwalimu anayejua ni mtoto gani anasinzia kwa njaa saa nne asubuhi. Waulize zaidi ya mmoja, maana mjumbe naye ana shangazi. Kisha nenda ukaamkie, ukae, usikilize. Swali linalotosha ni moja: "Mama, kwa sasa kipi kinakubana zaidi?" Msipoahidi kisichowezekana, hakuna atakayewachukia. Mkiahidi miezi mitatu, toeni miezi mitatu, na mseme mapema itakapoisha, ili naye apange. Kumkatia mtu ghafla bila kumwambia ni kumrudishia mashaka yaleyale mliyokuja kumpunguzia.

Kuhusu picha, nimesikia utetezi wake: zinahamasisha wengine, na zinathibitisha kwamba pesa imefika. Hoja ya pili ni ya msingi, kwa sababu wizi wa michango upo na wachangiaji wana haki ya kujua. Lakini uthibitisho ni risiti, ni ujumbe wa muamala, ni daftari lililosainiwa na mhazini na mwanakikundi wa pili. Sura ya mtoto aliyeshika kiroba si risiti. Mtoto huyo ana wanafunzi wenzake, na mmoja wao ana simu. Miaka kumi ijayo atakuwa anaomba kazi, na picha bado ipo. Hata nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ingawa nadhani hatukupaswa kusubiri Bunge litufundishe hili. Dini zetu zilishatangulia: Waislamu wanajua Surat al-Baqara inavyoisifia sadaka ya siri anayofikishiwa fakiri, na Wakristo wanajua Mathayo sura ya sita inavyowasema watoaji wanaopiga tarumbeta. Sijui kamera kama haiingii kwenye kundi la tarumbeta.

Hoja ya kuhamasisha nayo ina jibu. Kama mtu hawezi kutoa andazi moja kwa siku bila kuona mama wa watu akilia kwenye skrini, tatizo hilo si la yule mama kulitatua.

Natambua udogo wa ninachopendekeza. Watu kumi na elfu 60 hawaondoi umaskini mtaani. Ajira, bei ya mazao, zahanati yenye dawa, hayo yana wenyewe, na sisi kama wasomi tuendelee kuyadai kwa sauti. Lakini kuyadai hakutuzuii kuhakikisha chungu kimoja kinachemka Februari. Na kuna faida ya pili isiyosemwa: mtu aliyezoea kutenga asilimia mbili ya bumu ataweza kutenga asilimia mbili ya mshahara. Anayesubiri kuwa tajiri ndipo aanze atakuta makato, kodi, harusi na gari la mkopo vimetangulia kwenye foleni.

Serikali yetu ya wanafunzi inaweza kusaidia kwa mambo matatu yasiyo na gharama. Kwanza, badala ya ziara moja ya Desemba, izigawe familia zinazotambuliwa na mitaa inayozunguka chuo kwa vikundi vya watu kumi kumi, ili nyumba moja isipate mara nne na nyingine ikose. Pili, itoe fomu moja rahisi ya hesabu, ibandikwe ubaoni kila bumu: tumekusanya kiasi gani, kimefika kiasi gani, bila jina wala sura ya aliyepokea. Tatu, iweke kanuni kwamba safari yoyote inayobeba jina la wanafunzi isitumie kwenye fulana na mabango hata shilingi moja ya michango. Anayetaka fulana ajinunulie.

Bumu lijalo lisikukute bado unajadili. Tafuta wenzako tisa, mchague mhazini, mkae dakika ishirini mkubaliane ni familia ipi na mwezi upi. Kisha bumu likiingia, elfu kumi na mbili zitoke kwanza. Chipsi kuku zitakuwepo hata saa moja baadaye.